Nunua bodi kwanza, injini ipo Gerezani

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Ilazo, Dodoma, ofisi yangu ipo Mji wa Serikali, Mtumba. Nyumbani kuna IST anayoendesha mama watoto. Nimejikusanyia milioni 20, na tangu niko chuo natamani gari ya spoti ya gia za mkono, ya zamani kidogo, ila ya kuendesha kila wiki, siyo ya kufunika turubai uani. Nimeona mbili. Moja ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, ipo Area C, imeshushwa chini, ina bampa na sketi za kuongeza, ekzosti kubwa. Anataka milioni 16. Nyingine ni Mazda Roadster ya 1992, injini ya cc 1600, ipo Mbezi Beach, Dar. Anataka milioni 17 na anasema haijaguswa. Rafiki yangu anasema niachane nazo zote niagize mwenyewe Japani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ya Area C achana nayo kwa bei hiyo. Ya Mbezi Beach nenda ukaione, ila nenda na tochi, nguo za kulalia chini, na moyo wa kurudi mikono mitupu. La kuagiza, kwa milioni 20, lisahau. Hesabu yake nitakuonyesha mbele kidogo.

Mnunuzi wa gari za namna hii akifika tu, neno la kwanza ni "fungua boneti". Anasikiliza injini, anakanyaga mafuta mara mbili tatu, anatabasamu, anatoa hela. Mimi naanza na milango, vioo, taa, mipira, kitambaa cha dari na sakafu ya buti. Injini naiacha mwisho. Sababu ni nyepesi: injini ya Toyota ikifa, unapiga simu Gerezani, Kariakoo, inatafutwa ya mtumba, inapakiwa kwenye basi usiku na asubuhi unaipokea stendi ya Nanenane. Lakini taa ya mbele ya Altezza ikipasuka, au bampa halisi likitupwa ili lifungwe la kuongeza, au dashibodi ikichanika kwa jua, hapo utatafuta mpaka uchoke. Gari yenye bodi kamili na injini mbovu inatengenezeka. Yenye injini nzuri na bodi iliyochezewa itakula hela yako miaka na miaka na bado itaonekana ya kuungaunga.

Jambo la pili ni ukoo wa injini. Kabla hujapenda gari, jiulize ni gari gani nyingine mtaani kwako ina injini hiyohiyo. Altezza zipo za aina mbili kubwa. RS200 ina injini ya 3S-GE, ile inayoitwa Beams, nguvu za farasi 210 kwenye gari ya gia za mkono, nayo inazitoa juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, farasi 160. Vijana wote wanataka RS200. Mimi kwa Dodoma nakushauri AS200 ya gia sita za mkono, kwa sababu 1G-FE ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110, kwenye Verossa na kwenye baadhi ya Crown. Fundi yeyote wa Kizota au Majengo ameshaifungua. Plagi, koili, gasketi, pampu ya maji, vyote unavipata bila kuomba. Beams ina ndugu wachache sana hapa nchini. Usidanganywe kwamba RAV4 za zamani zina "3S hiyohiyo": zile ni 3S-FE, kichwa chake ni kitu kingine kabisa.

Na hapa kuna ujanja unaopaswa kuujua kabla hujaenda Area C. Nembo ya RS200 inabandikwa kwa gundi. Namba ya chesisi haibandikwi. RS200 halali chesisi yake inaanza na SXE10. Ukikuta GXE10, hiyo ni AS200 iliyovalishwa nguo za kaka yake. Iwe ilibadilishwa injini au ilibadilishwa nembo tu, bei ya milioni 16 haina msingi tena. Kama injini imebadilishwa kweli, angalia kadi ya gari: namba ya injini na ukubwa wake lazima vilingane na kilichomo ndani ya boneti. Kuna Altezza nyingi zimefungwa 1JZ, injini kubwa zaidi ya Toyota, na kadi bado inasoma 1G. Siku ya kuuza, au siku ya ajali, hilo linakuwa tatizo lako peke yako.

Altezza yenyewe ni gari nzuri, nisikukatishe tamaa. Ilitoka Oktoba 1998, ikachukua tuzo ya Gari ya Mwaka Japani kwa msimu wa 1998–1999, ikaendelea kutengenezwa mpaka 2005. Injini mbele, msukumo nyuma, milango minne, buti la kubeba gunia la mahindi kutoka Kibaigwa. Mama watoto hatalalamika. Kinachoniudhi kwenye hiyo ya Area C ni kwamba imeshushwa. Altezza ina mikono miwili ya sasipenshi kila gurudumu, mbele na nyuma. Ukiishusha kwa kukata springi, magurudumu yanalala na matairi yanaliwa upande wa ndani. Ukiipandisha kwa spesa, kama tunavyopenda huku kwetu, unaharibu pembe zilezile kwa upande mwingine. Iache pale kiwanda kilipoiweka na ujifunze kuvuka tuta kwa mshazari, tairi moja moja. Bol jointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu, ndizo ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Ikicheza, badilisha kabla hujaipeleka popote, maana ikichomoka gurudumu linalala chini na gari inaenda inakotaka.

Zaidi ya hapo, Beams inatumia mkanda wa taimingi, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Toyota Japani waliweka kilomita 100,000 kwa mkanda. Muuzaji akisema "ulibadilishwa", mwombe risiti au kibandiko cha tarehe. Hana? Hesabu kwamba haujabadilishwa. Jaribu pia gia ya pili na ya tatu kwa haraka gari ikiwa bado ya baridi. Ikikwaruza, giaboksi imeteswa.

Sasa Roadster. Hii ndiyo gari ambayo moyo wangu ungeichukua, na ndiyo yenye masharti mengi. Ilianza 1989, nyepesi, kama kilo 940 tu, injini ya 1600 ya farasi 120. Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka uikate kona ya kwanza. Ni viti viwili tu, lakini IST ipo nyumbani, kwa hiyo hilo kwako siyo kikwazo. Ukoo wake hapa Tanzania ni mdogo: hutapata injini yake Gerezani kila siku. Ila kuna jambo linaloigeuza hesabu yangu ya mwanzo. Dunia nzima inaitunza. Mwaka 2016 Mazda walitimiza gari milioni moja za aina hiyo, na mwaka 2017 walitangaza kule Japani huduma ya kuzifufua za kizazi cha kwanza pamoja na kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake, turubai la paa likiwemo. Uingereza na Marekani kuna maduka yanayouza vipuri vya Roadster peke yake. Kwa hiyo mpira wa mlango wa Roadster ya 1992 unaweza kuuagiza mtandaoni ukafika kwa posta, wakati wa Altezza ya 1999 utaangukia kwa bahati na mtumba. Kinachotakiwa ni subira na kuweka vipuri akiba kabla havijahitajika.

Ukiifikia pale Mbezi Beach, usiangalie rangi. Lala chini, weka dole gumba kwenye kingo ya chini ya bodi, mbele kidogo ya tairi la nyuma, pande zote mbili, ubonyeze kwa nguvu. Hapo ndipo Roadster zinapooza. Maji ya mvua kutoka kwenye paa yanashuka kupitia matundu mawili yaliyo nyuma ya viti; matundu yakiziba, maji yanaingia ndani ya kingo na kukaa humo, chuma kinaliwa kutoka ndani kwenda nje. Ongeza upepo wa chumvi wa pwani, upate picha. Bati likitii dole, au ukisikia puti imejazwa, ondoka bila kujadili bei. Likiwa gumu, mwaga maji kidogo kwenye matundu hayo uone kama yanatokea chini.

Halafu fungua boneti. Tangi la juu la rejeta ni la plastiki, jipya huwa jeusi; likigeuka kahawia liko njiani kupasuka. Angalia oili nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenga injini na viti, kuna kihisi chenye mpira mdogo wa duara unaovuja sana; bei yake ni ya soda, kazi yake ni ya kukunja mkono. Silinda ndogo ya klachi iliyopo chini kwenye giaboksi nayo ni ya kufa mara kwa mara. Betri ipo kwenye buti, na ile halisi ina bomba la kutolea hewa nje. Akiwa amefunga betri ya kawaida ya dukani, inua zulia uangalie kama tindikali imekula sakafu. Ule ubovu wa ncha ya kreniki, mhimili mkuu wa injini, unaosemwa mtandaoni ni wa injini za mwanzo mpaka katikati ya 1991. Yako ya 1992, usipoteze usingizi.

Yote hayo ni ya gari. Dodoma nayo ina mambo yake, na hapa wauzaji wa Dar hawawezi kukusaidia.

La kwanza ni zuri: ukavu. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili, miezi mingine ni jua na upepo. Gari iliyokaa Dodoma kutu yake ni ndogo kuliko iliyokaa pwani, kwa hiyo ukikuta mbili zinazofanana, chukua iliyosajiliwa na kuishi huku bara. Jua hilohilo ndilo linalopasua dashibodi, mipira ya vioo na lile dirisha la plastiki la nyuma kwenye paa la Roadster. Tafuta kivuli cha paa, siyo cha mti wa mwarobaini unaodondosha majani kwenye matundu ya maji. Na kabla ya mvua za Desemba, zibua matundu hayo kwa uzi mgumu wa plastiki, maana vumbi la miezi saba likipata maji ya siku moja linakuwa tope la kufinyanga.

Vumbi lenyewe ndilo adui mkubwa wa injini. Hizo Altezza za vijana karibu zote zimetolewa boksi la ea klina zikafungwa ile ya koni, wazi ndani ya boneti. Inatoa mlio mzuri na inavuta hewa ya moto iliyojaa vumbi la Nala. Fanya hivi: legeza bomba la hewa baada ya ea klina, kuelekea injini, ingiza kidole ukipanguse ndani. Kidole kikitoka na unga mwekundu, injini hiyo imekuwa ikila mchanga, ringi na kuta za silinda zimesuguliwa, na kula oili kutafuata kama hakujaanza. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala fundi, na muuzaji hawezi kukificha kwa kuosha gari asubuhi.

Mwinuko nao usiusahau. Tupo mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Hewa ni nyembamba kwa kama asilimia 10 kuliko Dar, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Zile farasi 210 za Beams hapa ni kama 190. Kwa hiyo gari ikionekana nzito Dodoma kuliko ilivyokuwa ukiijaribu Mbezi, usikimbilie kwa fundi. Nepesi ndiyo inayofaidi, na hii ni alama nyingine kwa Roadster.

Halafu maji. Angalia birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, na ndiyo watu wanayojaza kwenye rejeta kwa kopo. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, njia za maji ni nyembamba, ukoko unaziba, gari inachemsha, gasketi inaungua. Maji matupu kwenye mwinuko wetu yanachemka karibu nyuzi 96, siyo 100, kwa hiyo hata nafasi ya kukosea ni ndogo. Weka kulanti halisi iliyochanganywa na maji safi ya betri (siyo tindikali), badilisha kifuniko cha rejeta kikilegea, basi. Ukifungua kifuniko cha gari unayotaka kununua ukakuta maji ya rangi ya chai ya rangi, shusha bei au shuka wewe.

Matairi kwa ufupi: RS200 nyingi zina 215/45 rimu 17, ukuta mwembamba unaopasuka kwenye shimo la kwanza kutoka lami kwenda mtaani. Rimu 16 na tairi 205/55 kipenyo kinakaribiana, zinapatikana kila duka, na gari inatulia zaidi.

La kuagiza Japani. Rafiki yako ameona bei ya gari ikiwa bado bandarini kule na akaona ni rahisi. Ikifika Dar unalipa ushuru wa forodha asilimia 25 kwa thamani iliyojumlisha usafiri na bima, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha ushuru wa uchakavu unaoanza gari ikivuka miaka 8 na kupanda tena ikivuka 10, na VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya vyote hivyo. Thamani yenyewe TRA wana kanzidata yao, siyo ile risiti uliyolipia. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, ingiza mwaka na modeli ujionee. Tena bei za Japani zenyewe zimepanda, kwa sababu Marekani inaruhusu gari iliyotimiza miaka 25 kuingia bila masharti yao ya kawaida ya usalama. Roadster za mwanzo zilifungukiwa 2014, Altezza za mwanzo 2023. Unashindana na mtu mwenye dola. Gari iliyokwishalipiwa ushuru na kusajiliwa hapa ndiyo nafuu yako.

Milioni 20 zako zigawe hivi: gari isizidi 14. Nne ziende mwezi wa kwanza kwenye mkanda na pampu yake, oili zote mpaka ya difu, bushi, bol jointi, breki na matairi, hata kama muuzaji ameapa. Mbili zibaki benki zisiguswe. Kwa hiyo Roadster ikiwa ngumu chini, mwambie 14 na mweleze kwa nini, kwa orodha. Gari ya viti viwili haina wateja wengi Dar; ataomba muda, mpe. Bima kubwa uliza kwa wakala kabla ya kulipa gari, maana kampuni nyingi hukunja uso zikisikia umri huo.

Ikishindikana, usirudi Area C kwa hasira. Tafuta AS200 ya gia za mkono iliyo na bampa zake za kiwandani, au Celica ya kuanzia 1999 yenye 1ZZ-FE, injini iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish za 1800 za kizazi cha kwanza, na Spacio za 1800. Inavuta mbele, siyo tamu kama hizo nyingine, lakini mlango wa nyuma ni mpana na spea zipo kila kona. MR-S nayo ina 1ZZ hiyohiyo, imewekwa nyuma ya viti. Nzuri mno, ila mabomba yake ya maji ni marefu kutoka rejeta ya mbele, na fundi asiyejua kuitoa hewa ataichemsha siku ya kwanza. Kwenye 1ZZ za kabla ya 2002 au hapo, angalia ulaji wa oili kwa macho mawili.

Ukienda kukagua yoyote, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka usikisikie asubuhi. Namba ya gari iingize kwenye mfumo wa polisi mtandaoni uone madeni ya faini, maana gari za spoti na tochi za trafiki za Gairo zinafahamiana vizuri. Mkikubaliana, hela itoke siku hiyohiyo mnayobadilisha umiliki TRA, mkataba wa mauziano ukiwa na muhuri wa wakili na kadi halisi ikiwa mezani. Akisema kadi ipo kwa dalali na itakuja wiki ijayo, panda treni urudi Ilazo na hela yako.